Karatasi ya Bei ya Bonareri

Ilikuwa Jumatatu ya soko, na watu walijaa mjini Kisii mpaka mlangoni mwa duka la Lalit. Bonareri alikuwa akiingia, Machogu akitoka na televisheni kifuani bila kuona mbele. Wakagongana. Televisheni ilinusurika, lakini kiatu cha Bonareri kilikatika ukanda.

"Pole, dada! Umeumia?"

"Unaniuliza mimi ama kiatu?"

Machogu akacheka, na alikuwa na kicheko cha kumsahaulisha mtu hasira. Alivaa shati jeupe na tai nyekundu ambayo Lalit aliwalazimisha wauzaji wake kuivaa hata jua likiwaka. Bonareri alikuwa amevaa sketi ya marinda ya kijani na blauzi ya njano, mkononi ana karatasi iliyokunjwa mara nne utadhani anapeleka kesi kwa chifu.

"Nataka ile DVD ya milima ya theluji, ile ya dirishani," akasema akiwa amesimama kwa mguu mmoja. "Ni pesa ngapi?"

"Elfu mbili na mia mbili."

Karatasi ikakunjuliwa. "Intaneti inasema dola ishirini. Hiyo haifiki elfu moja na mia tano. Nimeichapisha leo asubuhi."

Huo ulikuwa mwaka wa 1999. Waliowahi kuona DVD mjini walikuwa wachache, na walioiona intaneti walikuwa wachache zaidi. Bonareri aliiona katika ofisi iliyo mkabala na duka, alikokuwa akiwapigia watu barua chapa. Mara moja kwa siku mwenye ofisi aliunganisha kompyuta na waya wa simu, na dakika tano za mwisho zilikuwa za Bonareri. Alizitumia kutafuta bei.

"Na posta je?" Machogu akauliza. "Ushuru? Wiki sita za kungoja?"

"Hayo sijui. Bei ni bei."

"Haya, Mama Bei. Na hiyo theluji ni ya bwana?"

"Ni ya tata." Sauti yake ikashuka. Baba yake, Mwalimu Onchiri, alikuwa amefundisha jiografia miaka thelathini kule Manga, na hakuwahi kuvuka mpaka wa Kenya. Sasa alikuwa amepooza upande mmoja. Mjomba Obadiah alikuwa amemletea mashine ya DVD kutoka Dubai, na kitu pekee kilichomfanya mzee atabasamu kilikuwa kuona mito na milima aliyoichora ubaoni maisha yake yote.

Machogu akakuna kichwa. "Ngoja nimuulize bosi."

Akaingia stoo, akasimama katikati ya makatoni bila kumuuliza mtu yeyote, kisha akatoka. "Bosi amekubali bei yako."

Stakabadhi aliandika ya bei kamili, akaiweka mfukoni mwake, na pesa zilizopungua akazitoa kwenye pochi yake. Lilikuwa kosa, lakini mimi siwezi kumlaumu sana. Ni nani hajawahi kudanganya kidogo mbele ya blauzi ya njano?

Mwezi uliofuata Bonareri akaja na karatasi nyingine, ya jangwa. Halafu ya mito, ya visiwa, ya volkano. Kila mara Machogu aliingia stoo, na kila mara bosi "akakubali". Kufikia hapo simu za ofisini na dukani hazikuwa zikipumzika, ingawa wawili hao walionana kupitia madirisha.

"Haloo, mpenzi. Mbona umenuna?"

"Nani amenuna? Umeniona wapi?"

"Nakuona hapa. Geuka. Hapo, mbuya, vizuri kabisa!"

"Machogu, weka simu chini, mke wa bosi anakutazama."

"Acha atazame. Sikia, Bona, nimeongea na wazee wa nyumbani Nyacheki. Watakuja kwenu Jumapili ya tarehe kumi na mbili. Mwambie mzee avae koti."

Bonareri alikaa na simu mkononi hata baada ya kukatika. Alikuwa na furaha mpaka akaogopa.

Alhamisi kabla ya Jumapili hiyo, Machogu alienda Nyacheki kwa mazishi ya jirani. Bonareri hakujua. Aliingia dukani na karatasi yake, akamkuta Chandrakala, mke wa Lalit, kwenye kaunta.

"Nipe kwa ile bei yangu ya kila mwezi, Mama."

"Bei gani? Hapa bei moja tu. Hatujapunguza hata siku moja."

"Lakini bosi hukubali. Machogu humuuliza."

Lalit akatoka nyuma, miwani kwenye paji la uso. "Mimi? Hajaniuliza kitu."

Bonareri alikuwa binti wa Kisabato, aliyelelewa asilale na hata kalamu ya mtu bila kuirudisha. Aliwaza DVD tano chini ya paa la baba yake, na akasema kwa sauti, wateja wakisikia: "Basi ni za wizi. Huyo mtu anawaibia. Ni mwizi, na mimi nitazirudisha zote."

Lalit alivuta kitabu cha stakabadhi, akafungua kurasa taratibu, akazigeuza zimwelekee Bonareri. "Binti, zote tano zimelipwa kamili. Kama si wewe, nani amelipa?"

Bonareri akaikunja karatasi yake, akatoka.

Ijumaa, Machogu alikuwa amerudi na ameshasimuliwa. Simu ililia mara kumi kabla hajaishika.

"Machogu, nisamehe."

"Nasikia mimi ni mwizi."

"Na wewe ulinidanganya! Miezi mitano!"

"Nilikudanganya, kweli. Ningekwambia ungekataa, na mzee angekosa. Lakini Bona, Lalit si ndugu yangu. Yeye alifungua kitabu kwanza. Wewe unalinganisha bei ya kila kitu. Mimi ulishindwa kuningoja siku moja uniulize?"

Kupitia dirisha Bonareri alimwona akimpa mgongo.

"Jumapili mtakuja?" Bonareri akauliza. Simu ikawekwa chini.

Hata hivyo Jumapili Bonareri alipika. Alichinja jogoo, akasonga ugali wa wimbi, akamvalisha baba yake koti la kazi la zamani. Mzee aliketi mlangoni tangu asubuhi, macho njiani. Saa nane Machogu akatokea, peke yake, bila tai.

"Wenzako wako wapi?" Mwalimu akauliza, maneno yakitoka upande mmoja wa mdomo.

"Hawatakuja, tata. Nimeona si vizuri ukae ukingoja."

"Ni ugonjwa wangu? Wameogopa mzigo?"

"Hapana, tata! Ni mimi. Sijawa tayari. Kosa ni langu."

Bonareri alikuwa nyuma yao na birika la chai. Alielewa kwamba Machogu anamlipia tena. Angenyamaza tu, baba angemlaani kijana na kumwonea huruma yeye.

"Anadanganya, tata. Nilimwita mwizi mbele za watu, na hakuiba. Alikuwa akilipia DVD zako kwa pesa yake."

Mzee akamgeukia Machogu. "Na huwezi kumsamehe, kijana wangu?"

"Nimemsamehe, tata." Machogu alikuwa analia bila kujificha. "Nampenda. Lakini nikimwoa nitakuwa naishi nikingoja siku atakayoniita mwizi tena."

Hakunywa chai. Bonareri alimsindikiza mpaka barabarani, kwa sababu mgeni husindikizwa. Gari la Kisii lilipofika walipeana mikono kama watu wanaoagana kanisani.

"Rudi, Bona. Mzee yuko peke yake."

Akarudi akilia kwa sauti, wala hakujali waliokuwa wakipita.