Lori la Baba Linagonga

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Chiriku alifuta kioo cha mbele cha lori la baba yake kwa kitambaa kibichi. Jina hilo la Chiriku alipewa nyumbani kwa sababu ya mdomo wake. Akianza kusema, hata kuku walisogea pembeni. Lori nalo lilikuwa na jina. Waliliita Ajuza, maana lilikuwa barabarani tangu kabla mama hajaolewa, na mwili wake wote ulikuwa na mikunjo.

Baba aliwasha injini, akafungua boneti, akainamisha kichwa na kusikiliza. Huo ndio uliokuwa utaratibu wake tangu ujana. Madereva wenzake walifuata kalenda. Yeye alifuata masikio. Hata oili hakuibadilisha kwa kuhesabu safari. Alingoja mpaka mngurumo uwe mzito, ndipo aseme, "Ajuza ana kiu," na siku hiyohiyo akamimina oili mpya. Miaka nenda miaka rudi hakukosea, na alijivunia jambo hilo kuliko yote.

Lakini msimu ule injini ilikuwa inagonga. Tak-tak-tak-tak, sauti ilitoka juu ya injini kama mtu anayegonga sufuria kwa kijiko. Mtaa mzima ulisikia. Baba alifunga boneti akitabasamu.

"Umesikia, Chiriku? Ajuza wetu uzeeni ametulia kama maji ya mtungi!"

Chiriku alifuta tena mahali palipokwisha kuwa safi. "Ndiyo, baba. Ametulia."

Mara ya kwanza hakudanganya. Siku ile alisema, "Baba, mbona kuna kitu kinagonga?" Baba alicheka, akamwambia labda masikio yake yameingia mchwa. Lakini jioni Chiriku alimkuta nyuma ya nyumba, peke yake, amevua saa ya mkononi na kuibandika kwenye sikio la kulia. Akaihamishia la kushoto. Akaitikisa, akaibandika tena. Uso wake ulikuwa na hofu ambayo Chiriku hakuwahi kuiona kwa mtu mzima. Mtoto alirudi kwa kunyata, asionekane.

Tangu hapo alifanya kila aliloweza kumsitiri. Wakati wa kula alikaa karibu naye na kurudia maneno ya mama kwa sauti kubwa, kana kwamba anatania. Mgeni akipiga hodi, yeye ndiye aliyewahi kusema, "Baba, tuna mgeni!" Mama aliona ni domo lake la kawaida tu. Na baba akisema Ajuza ametulia, Chiriku aliitikia. Aliogopa kwamba watu wakijua, baba ataachishwa usukani, na baba bila usukani alikuwa mtu ambaye Chiriku hamjui.

Jumamosi moja alipanda lori pamoja naye kupeleka matofali. Walipoanza kupanda kilima, kugonga kule kuliongezeka. Chiriku alishika kiti kwa mikono miwili. Yeye msemaji, siku ile mdomo ulimkauka. Ghafla kitu kililia kaa! ndani ya injini, lori likatetemeka, likaishiwa nguvu, likazimika. Kisha likaanza kurudi nyuma.

Nyuma yao alikuwepo mzee mmoja akisukuma mkokoteni wa ndoo. Alikuwa anapiga kelele, "Simama! Simama! Unaniua!" Baba hakugeuza hata shingo. Alikuwa akihangaika na ufunguo, akijaribu kuwasha tena. Chiriku alimwona mzee kwenye kioo cha pembeni, akamvuta baba mkono kwa nguvu zake zote, akaonyesha nyuma. Baba akakanyaga breki. Lori lilisimama likiwa limekwisha kuugusa mkokoteni. Mzee alikaa chini barabarani, anatweta, hana hata nguvu ya kutukana.

Walikokotwa mpaka gereji ya fundi mmoja aitwaye Taratibu, ambaye hakuharakishwa na mtu. Fundi alijaribu injini mpaka ikawaka kwa shida, ikawa inachechemea. Akakunja uso.

"Kaka, hii imegonga kwa miezi. Hukusikia?"

"Haijagonga," alisema baba. "Imezimika tu."

Fundi alidhani anataniwa. Alichukua bisibisi ndefu, akaweka ncha yake juu ya kifuniko cha valvu na mpini wake sikioni, akawa anaihamisha polepole. "Hapa pazima. Hapa pazima. Hapa, lo! Njoo usikilize mwenyewe."

Baba aliipokea, akasikiliza kwa muda mrefu. Akabadilisha sikio. Fundi akaanza kumtazama kwa namna nyingine.

"Nahisi mtetemo mkononi," baba alisema taratibu. Kisha akamgeukia binti yake. "Mwanangu, wewe unasikia nini?"

Chiriku alitazama bisibisi mkononi mwa baba. Neno moja tu la uongo lingemsitiri baba mbele ya fundi na vijana wake. Lakini alimkumbuka yule mzee aliyekaa barabarani.

"Inagonga, baba," alisema kwa sauti ndogo. "Siku nyingi inagonga. Nilikudanganya."

Baba aliinama karibu. "Unasemaje?"

Ikambidi apaze sauti. "INAGONGA, BABA! NILIKUDANGANYA! WEWE HUSIKII!"

 Kijana aliyekuwa anajaza tairi upepo aliacha pampu. Baba alimrudishia fundi bisibisi yake, akaenda kukaa juu ya tairi kuukuu, akawapa mgongo.

Fundi alifanya kazi siku nzima. Alipomwaga oili, ilitoka nyeusi na nzito kama lami. Alimwonyesha Chiriku tapeti, vyuma vidogo vinavyoinuka na kushuka ili kufungua valvu, vilango vya injini vya kupitishia hewa. "Hizi hunywa oili ndipo zikae sawa," alisema. "Oili ikiwa tope, hazijai, ndiyo zinagonga. Zikiachwa zigonge, zinavunja vyuma vingine." Aliziosha kwa mafuta ya taa, mahali pa zilizoharibika akaweka mpya, akabadilisha fimbo ya chuma ya kusukuma valvu iliyopinda, akatia oili safi na chujio jipya. Jioni injini iliwaka ikanguruma laini. Baba aliisikiliza kwa kiganja, amekilaza juu ya boneti.

Juma lililofuata walikwenda hospitali. Daktari alieleza kwa kuandika na kwa kupaza sauti kwamba kelele za injini za miaka mingi zimeharibu masikio, na kwamba kilichopotea hakirudi. Kilichobaki kingeweza kulindwa. Angekuja mapema, alisema, wangeokoa zaidi. Baba alijikaza kisabuni mpaka nje ya geti. Huko alishika ukuta, akalia, na mama akamshika mkono.

Usukani baba alimkabidhi mdogo wake. Asubuhi ya safari ya kwanza, baba mdogo alipanda lori amejaa aibu, kama mtu aliyevaa viatu vya mwenzake. Baba na Chiriku walisimama mlangoni.

"Baba, nisamehe," alisema Chiriku kwa sauti kubwa. "Sikutaka uumie."

"Najua." Baba alimwekea mkono begani. "Mficha maradhi, kifo humuumbua. Mimi nilificha kwa aibu, wewe ukanifichia kwa kunipenda, na yule mzee nusura afe kwa siri yetu sisi wawili. Tapeti zina spea, mwanangu, masikio hayana. Ukiumwa, sema mapema. Na ukimpenda mtu, mwambie ukweli, hata ikibidi upige kelele."

Chiriku alitikisa kichwa kukubali. Machozi yalikuwa yanamtoka.

Ajuza akaondoka, akashika barabara, akakata kona na kupotea nyuma ya nyumba. Baba aliendelea kutazama pale kwenye kona.

"Bado unamsikia?" aliuliza.

"Bado, baba. Ananguruma vizuri."

Vumbi likatua barabarani.

"Na sasa?"

Chiriku alitega sikio. Alisubiri mpaka awe na hakika.

"Sasa hapana, baba. Sasa hata mimi simsikii tena."