Bendeji ya Nasima

Kila asubuhi, kabla hajavaa viatu vya skuli, Nasima alijifunga bendeji kwenye kifundo cha mguu wa kulia. Aliteguka kabla ya Ramadhani, akifanya mazoezi ya mbio kwenye kiwanja cha skuli yao, Uroa. Daktari alishasema mguu umepona, aanze kukimbia polepole. Lakini kila Mwalimu Wakil alipomwita kiwanjani, Nasima alijibu, "Bado unauma, mwalimu."

"Mguu huo utazeekea ndani ya bendeji," rafiki yake Ulfat alimtania.

Nasima hakucheka. Kila akikitazama kile kiwanja aliuona tena mguu wake ukipinda. Na Jumamosi mwalimu alikuwa anachagua wakimbiaji wa skuli.

Jioni mama yake, Bi Salhiya, alikaa ukumbini akisuka ukili, utepe wa kushonea mkeka. Nasima akachukua miyaa, majani makavu ya kusukia, amsaidie, lakini mawazo yake yalikuwa kwenye Jumamosi. Vidole vilivuta kwa nguvu, ukili ukajikunja.

"Vidole viko hapa, mwenyewe umekwenda wapi?" mama aliuliza. "Hebu uweke chini. Fumba macho, usikilize pumzi inavyoingia na kutoka. Akili ikikimbia, irudishe, usiigombeze. Ndivyo mkunga alivyonifundisha uchungu uliponishika nikikuzaa wewe. Sasa ipeleke akili mpaka mguuni. Nambie, panauma wapi?"

Nasima alisikia ubaridi wa sakafu, kisha bendeji ilivyombana. Akayangojea maumivu. Hayakuja. Kilichokuwa kikitetemeka ni kifua.

Machozi yakamtoka. "Mguu hauumi, mama. Umepona zamani. Nnaogopa tu."

"Nshajua," mama alisema taratibu. "Nlikuwa nakungoja useme."

Jumamosi, Nasima alimweleza Mwalimu Wakil ukweli, kisha akasimama mstarini. Akavuta pumzi, akausikia mchanga chini ya nyayo, akatoka mbio. Hofu ilikimbia naye mpaka katikati ya kiwanja, kisha akaisahau. Alimaliza wa tatu, akachaguliwa.

Nyumbani, mama aliufumua ule ukili uliojikunja ili wausuke upya.

"Kuogopa si aibu, mwanangu," alisema. "Lakini hofu ukiifunga bendeji, inanenepa humo ndani. Ifungue, uitazame, umwambie na mtu. Hapo ndipo utakapoujua ukubwa wake."

Nasima akaichukua bendeji yake, akafungia mzigo wa miyaa.