Nzi wa Esekon

Kila asubuhi Atabo aliteka maji, akakamua mbuzi, ndipo akaenda shuleni Kakuma. Zamani kazi hizo alizifanya na baba yake, Esekon. Baba alifariki mwaka 2012, baada ya kuugua kwa muda mfupi tu.

Mwaka uliofuata, darasa lao lilizuru makumbusho madogo mjini Lodwar.

"Ejok, watoto!" aliwakaribisha Mzee Ekwam, mtunzaji wa makumbusho. Alifungua sanduku lililojaa nzi waliokaushwa. Kila nzi alichomwa pini, na chini yake kulikuwa na kikaratasi.

"Hawa huwasumbua ngamia, na wafugaji ndio waliotukamatia," alieleza. "Kikaratasi hutuambia nzi alikamatwa wapi, lini na nani."

Atabo aliinama, akasoma: *Kerio, Machi 2009. Esekon.*

Ulikuwa mwandiko wa baba, herufi zimelala upande mmoja. Nyumbani hawakuwa na picha yake hata moja.

Wenzake walipomfuata mzee kwenye sanduku jingine, alikichomoa kikaratasi na kukifumbata. Bawa la yule nzi likavunjika.

Mzee Ekwam aliporudi, alishtuka. "Nani amegusa hapa?"

Mwalimu Helen, aliyewaleta, aliwatazama mmoja mmoja. Atabo aliangalia chini.

"Basi," mzee alisema kwa huzuni. "Nzi asiye na kikaratasi hatufai tena. Hatujui alikotoka. Itabidi nimtupe."

Akamnyanyua kwa kibanio, akaelekea kwenye pipa la taka.

"Usimtupe!" Atabo alilia. "Ni wa baba yangu! Mimi ndiye niliyechukua kikaratasi." Akafumbua kiganja. Kikaratasi kilikuwa kimelowa jasho. "Nisamehe, mzee. Baba amekufa. Sina kitu kingine alichokiandika."

Mzee Ekwam alimrudisha nzi sandukuni.

"Pole, mwanangu. Lakini siwezi kukupa."

"Najua," Atabo alisema, machozi yakimtiririka. Alikirudisha kikaratasi kwenye pini, chini ya nzi mwenye bawa moja. Mzee akafunga sanduku.

Mwalimu Helen alimkumbatia mpaka kwikwi zikapungua.

"Umekosa, lakini umesema kweli, na kusema kweli kumeokoa kazi ya baba yako," alimwambia. "Kitu cha wizi hufichwa, Atabo. Ungelificha jina lake maisha yako yote. Hapa, kila mtoto atakayekuja atalisoma."