Chuma cha Vitumbua cha Bibi Samruai

Kila asubuhi Namwan ndiye aliyeita majina ya darasa la sita, na hata siku ya ziara ya soko la mitumbwi na mahekalu hakuiacha kazi yake ya ukiranja. Gari lilipowashusha kando ya mfereji, aliwapanga wenzake sita sita na kuwaingiza mitumbwini.

"Hakuna kusimama!" akapaza sauti. "Chaba, nakuangalia wewe hasa."

Wenzake wakacheka. Chaba alijulikana kwa utundu. Juzi tu alikuwa amemfungia chura kwenye droo ya meza ya mwalimu.

Sokoni mitumbwi ilibanana, imesheheni mabalungi, nazi na samaki wa kuchoma. Bibi Samruai alikuwa ndani ya mtumbwi wake, akipika vitumbua vya tui juu ya jiko la mkaa. Harufu ilimtoa Namwan mate. Akaisahau amri yake mwenyewe, akainuka na kunyoosha mkono. Mtumbwi ukayumba, ukaugonga wa bibi, na chuma cha vitumbua kikateleza, chubwi! majini.

"Nani aliyesimama?" Mwalimu Wilaiporn aliuliza kutoka mtumbwi wa mbele.

Namwan alikuwa amekwisha kuketi. Wenzake mtumbwini walionekana kutazama mabalungi upande wa pili. Kabla hajafikiri, maneno yakamponyoka: "Chaba, si nilikuambia ukae!"

Hakuna aliyeshangaa. Mwalimu hakuuliza mara ya pili.

"Chaba, muombe bibi radhi. Na leo hutoki ubavuni mwangu."

Chaba akaunganisha viganja, akamwinamia bibi. Hakujitetea.

Hekalu la kwanza Namwan alilipita kama kipofu. Katika la pili walivua viatu, wakapiga magoti mbele ya sanamu ya Buddha, kila mmoja na ua lake la yungiyungi. Chaba alikuwa karibu yake.

"Nilikuona," akanong'ona.

"Mbona hukusema?"

"Nani angeniamini?"

Uso ulimwaka Namwan. Afadhali angetukanwa! Alijaribu kuinua ua lake, mikono ikakataa. Walipotoka uani aliwaona wenzake wakimkwepa Chaba, na mate yakawa machungu kinywani.

"Mwalimu," alisema, "si Chaba. Ni mimi niliyesimama."

"Kiranja?" mtu akaguna. Namwan alitamani ardhi ipasuke immeze, lakini hakukimbia. Akamgeukia Chaba. "Nimekusingizia. Nisamehe."

Mwalimu Wilaiporn naye aliinamisha macho. "Hata mimi nina kosa, Chaba. Nilikuhukumu bila kukuuliza."

Wakarudi sokoni. Mpiga kasia wa mtumbwi wao akajitosa mara tatu, akaibuka na chuma kimejaa tope. Namwan aliketi gatini akikisugua kwa mchanga hadi vidole vikachubuka, huku watu wakipita na kumtazama. Chaba akaja, akachota mchanga, akasugua upande wa pili.

"Usidhani nimeshakusamehe," alisema. "Nina njaa tu."

Bibi Samruai, aliyekwisha kusimuliwa yote, alikipokea chuma, akakigeuza mwangani.

"Mjukuu wangu," alimwambia Namwan, "chuma kikizama, yeyote mwenye pumzi hukiopoa. Lakini jina la mwenzako ukilizamisha, mpiga mbizi ni wewe mwenyewe, tena mbele ya wale wale waliokusikia. Leo umezamia. Kesho usilizamishe kamwe."