Randa Iliyopakwa Dhahabu

Jumamosi soko la vifaa chakavu lilikuwa limefurika watu, na fundi seremala alishachoka kukanyagwa alipomwona mwanamume mmoja, suruali nyeupe pee, viatu vimechongoka, ameinua randa ya mbao anainusa.

"Unainusa, kwani mkate huo?" fundi akamuuliza.

"Nanusa uzee wake," akajibu kwa tabasamu. "Napamba mahoteli. Hii naitundika ukutani."

Fundi alimtazama juu mpaka chini. Tangu akiwa binti mdogo alikuwa akipiga randa kwenye karakana ya marehemu babu yake, na katika watu wote aliowadharau, na walikuwa wengi, hakuna aliyemtia kichefuchefu kama mtu anayegeuza kitu cha kazi kuwa pambo.

"Basi tafuta na maiti, uitundike pembeni yake."

Mpambaji alicheka mpaka akashika mbavu, kisha akaomba namba. Fundi akampa, ili tu amwondokee.

Hakumwondokea. Alipiga simu asubuhi, akapiga mchana.

"Mpenzi, umekula?"

"Nitakula saa ngapi, na wewe simu huiachi?"

Alianza kuja karakanani. Siku moja alivua koti, akashika randa, akaisukuma kinyume cha nyuzi za mti, ubao ukachanika.

"Unaukwaruza kama paka," fundi alimwambia, huku akimshika mikono kumwelekeza. Alichelewa kidogo kuiachia mikono ile. Hilo hakumwambia mtu.

Kisha randa aliyoachiwa na babu ikatoweka rafuni. Jioni ileile mpambaji alimwalika kwenye ufunguzi wa hoteli aliyoipamba, na fundi alipoingia tu, akaona ukutani randa imepakwa rangi ya dhahabu. Damu ikamchemka.

"Mwizi huyu," alisema mbele ya mwenye hoteli na wageni wake. "Hajui kazi yoyote, ameiba randa ya babu yangu akaipaka rangi kama jeneza la tajiri."

Mpambaji aliweka glasi yake mezani, akatoka.

Asubuhi mama yake fundi akapiga simu. "Mwanangu, ile randa ya babu yako niliichukua mimi jana. Mlango wa stoo ulikuwa unakwama."

Fundi alikaa juu ya maranda ya mbao yaliyotapakaa sakafuni. Mchana akarudi hotelini. Mpambaji alikuwa juu ya ngazi, ananyoosha mapazia, mwenye hoteli amesimama chini.

"Huyu si mwizi," fundi alimwambia mwenye hoteli. "Nilimsingizia. Randa ile ni ya sokoni. Kazi yake siipendi, na mapazia haya ni mabaya, lakini si mwizi."

Mpambaji alishuka taratibu. "Hata msamaha unauomba kwa matusi. Tangu tujuane, umewahi kuniambia neno moja zuri?"

Fundi alilitafuta.

"Leo hukupiga simu," alisema mwishowe. "Nimeharibu mbao tatu. Mimi siharibu mbao."

Mwenye hoteli akajifanya anaitwa jikoni.

"Hilo ndilo neno zuri?"

"Ndilo nililonalo."

Mpambaji alimtazama, hasira ikimtoka usoni kidogokidogo.

"Basi kesho nakuja kwenu kuzungumza na mama yako. Nataka kukuoa."

"Mama atakudharau."

"Nimeshazoea," akasema, akamshika mkono.