Jina Lililobaki Ndani

Ilikuwa saa kumi na mbili jioni, mwaka 2004. Nilikwenda kuziba tundu.

Ofisi yetu ya intaneti ilikuwa Moshi mjini, juu ya duka la mzee Bhupendra. Tundu lilikuwa kwenye kiini cha mfumo wa kompyuta kuu. Mtu wa nje hangeweza kulipitia. Lakini mwenye akaunti, hata ndogo, akiwa tayari ndani, angeweza kujipandisha awe bwana wa mashine nzima.

"Rogath, usinicheleweshe," alisema Flavia, mtunza funguo. Meza yake ilikuwa chini ya ngazi, nje ya geti la chuma. "Gari la Kibosho halinisubiri, na wewe hunioi."

"Tazama orodha ya waliomo kwenye skrini yako. Jina langu likitoka, funga."

Ndivyo tulivyofanya kila jioni. Aliye kwenye skrini yake yumo. Asiyekuwepo ameondoka.

Nikaketi juu, peke yangu. Feni inavuma. Nikaandika amri ya kwanza...

Harufu ya ugoro.

Melkior, mwenzetu wa kazi, ndiye aliyekuwa akinusa ugoro humu. Tulikuwa tumemzika wiki tatu nyuma, kihambani kwao, kwenye migomba ya ukoo. Akaunti yake hatukuifuta. Kumfuta kabla ya misa ya arobaini tuliona ni kumfukuza nyumbani.

Nikaita orodha ya waliomo.

Rogath. Melkior.

Kwenye kiti cha pembeni, vitufe vikagonga. Ta... ta... ta.

Kiti kitupu.

Melkior akapanda juu ya orodha, bwana wa mashine. Kisha jina langu likafutika.

Chini, mnyororo wa geti ukalia.

Nikashuka mbio gizani. Balbu ya ngazi ilikuwa imeungua.

"Flavia! Niko ndani!" Koo lilikuwa limekauka. Sauti ilitoka nzito, ya kukwaruza.

Alitazama skrini. Akarudi nyuma.

"Kaka Melkior..." alinong'ona.

"Ni mimi, Rogath!"

"Rogath ametoka."

Akachuma jani la isale kwenye chungu cha mlangoni, jani letu la kuombea msamaha. Akalifunga kwenye kufuli.

"Tusamehe, kaka. Pumzika."

Nyayo zake zikapotea. Simu yangu ilikuwa juu, karibu na kile kiti.

Juu, kiti kikavutwa.

Sikupanda.

Asubuhi mzee Bhupendra alifungua. "Mhuni tu amepitia tundu," alisema. Lakini tundu lile lilimtaka mtu aliyemo.

Flavia hajanipa mkono tena. Nikimsalimia, hutazama orodha kwanza.