Kitunguu si Nungunungu!

Jamani, mmekaa? Wa kujikuna ajikune sasa. Nyemo huyo anaingia!

Nyemo alikuwa na miaka sita na mapengo mawili. Aliishi Dodoma na Bibi yake na Mjomba Malogo. Huko upepo unavuma vuuu! na vumbi linaingia mpaka kwenye chai.

Nyuma ya jiko aliishi rafiki yake. Alikuwa kalunguyeye. Jina lake Kitunguu.

*Mdogo kama chungwa,*
*pua inanusa, nfu nfu nfu!*
*Ukimgusa, anajikunja: mpira!*

Siku moja Bibi alirudi kutoka shambani amenuna.

"Mihogo yangu imeliwa! Tena ile minene!"

Mjomba Malogo akamwona Kitunguu anapita.

"Mama, mwizi huyu hapa! Ana miiba. Ni mtoto wa nungunungu!"

"Siyo, Mjomba," alisema Nyemo. "Ni kalunguyeye. Anakula mende na mchwa."

"Miiba ni miiba! Kesho ukiingia usiku, nampeleka porini. Mbali!"

Sasa, huyo Mjomba Malogo alikuwa na sauti, weee! Mchana alipiga video za harusi. Jioni aliwaonyesha majirani filamu pale uani, kwenye shuka jeupe. Akashika kipaza sauti, akasimulia kila kitu. Alichosema Mjomba, mtaa mzima uliamini.

"Mjomba," alisema Nyemo, "weka kamera shambani. Tumwone mwizi mwenyewe."

Mjomba akacheka, kwa! kwa! kwa! "Nimpige video mwizi kama bibi harusi? Haya, na taa nitamwekea!"

Kamera ikakesha shambani.

Jioni ya pili majirani wakajaa uani. Kitunguu alikuwa ndani ya kapu, tayari kwa safari. Nyemo alilikumbatia kapu.

Fssss! Shuka likang'aa.

Ikatokea pua. Pua kubwa kama sufuria ya pilau! Kisha miiba. Miiba ikajaa shuka lote.

"Nungunungu huyooo!" Mjomba alinguruma. "Jitu la miiba! Baba wa wezi!"

Watoto wakajificha nyuma ya mama zao. Mzee Chilongani akajificha nyuma ya watoto.

Halafu, kule mbali kwenye picha, kikapita kitu kidogo. Nacho kina miiba.

"Na yule nyuma ni mwanawe kalunguyeye!" alisema Mjomba. "Wanaiba baba na mwana!"

"Uuuuh!" wakaguna majirani.

Nyemo akasimama. Akinyamaza, Kitunguu anakwenda.

"Rudisha nyuma!" alipiga kelele.

"Nani huyo?" aliuliza Mjomba. "Msimuliaji hakatizwi!"

"Malogo," alisema Bibi, "mpe mtoto kipaza sauti. Wewe umeongea tangu uzaliwe."

Nyemo akakishika kwa mikono miwili. Filamu ikarudi nyuma. Pua ikatokea tena.

"Huyu ameisogelea kamera," alisema Nyemo. "Ndiyo maana anaonekana jitu. Ngojeni aondoke."

Jitu likageuka. Likatembea, tipu tipu tipu. Likawa dogo. Likazidi kuwa dogo. Likapanda juu ya kandambili, likalala kama kitandani. Na nafasi ikabaki!

"Kandambili yangu!" alisema Bibi. "Nimeitafuta jana kutwa!"

Jani likaanguka, pa! Mnyama akajikunja.

"Mpira!" wakasema watoto wote.

"Na yule wa mbali?" alisema Nyemo. "Tazameni ndoo ya Bibi, ile aliyoiacha shambani."

Mnyama wa mbali akapita mbele ya ndoo. Ndoo ikapotea! Haukuonekana hata mkono wake. Akatikisa miiba mirefu, myeusi na myeupe. Akachimba muhogo.

Nyemo akavuta pumzi, akatangaza:

*"Mkubwa kuzidi ndoo,*
*miiba mirefu, chaka chaka chaka!*
*Hajikunji ng'o! Muhogo, kachu!"*

"Nungunungu!" wakapaza sauti majirani. "Mwizi ni yule!"

"Na mwenye pua?" aliuliza Nyemo.

"Kalunguyeye!"

Vigelegele! Mzee Chilongani naye akajitokeza, akisema hakuogopa hata kidogo.

Mjomba Malogo akavua kofia. "Nyemo, nimekosea. Kitunguu haendi porini. Anarudi kwake!"

Akambeba Nyemo mabegani. Nyemo akabeba kapu. Wakazunguka uani, huku na kule.

"Pisheni!" alinguruma Mjomba. "Bwana harusi anapita!"

Kapuni, Kitunguu alinusa tu. Nfu nfu nfu!

"Yule wa chaka chaka nitamjengea ua wa miiba," alisema Bibi. "Ajue na sisi tunayo!"

Kitunguu akarudishwa nyuma ya jiko. Mende wakaaga dunia.

Nyemo akapanda kitandani. Mjomba akachungulia mlangoni. Alinong'ona, yeye Mjomba Malogo, alinong'ona!

"Kesho jioni unasimulia wewe. Mimi nitashika taa."

Nyemo akatabasamu kwa mapengo yake yote mawili. Akavuta blanketi mpaka puani.

*Mdogo kama chungwa,*
*pua inanusa, nfu nfu nfu…*

Bibi akamgusa kichwani, taratibu.

Nyemo akajikunja: mpira!